Kona ya Thelathini na Moja

Pikipiki ya baba niliichukua bila kumwambia. Nilimdanganya kwamba iko kwa fundi kule Mivinjeni, inabadilishwa waya wa klachi. Mzee akasema "sawa mama", akaongeza sauti ya redio. Saa ile ile pikipiki ilikuwa imelazwa juu ya Fuso lililoshusha mchele Tandika na lilikuwa linarudi tupu Chimala kufuata mwingine, na mimi nilikuwa na tiketi ya basi la alfajiri mfukoni.

Wasomaji wa ukurasa huu mmenizoea kwenye riwaya na diwani. Leo mtanivumilia. Kuna kabureta humu, kuna plagi, na kitabu kilichomo ni kimoja tu, daftari langu, nalo liliharibika.

Ilikuwa Februari 2018. Nilikuwa nimepata kazi ya kuandika kuhusu vinundu vya okidi vinavyochimbwa nyanda za juu za Makete na kuvushwa mpaka Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na karanga na kupikwa hadi vishikamane kama keki. Wenyewe wanaita chikanda. Maua yenyewe yanaota Kitulo, kwenye uwanda ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Habari nzuri. Lakini gazeti lilinipa nauli ya basi na posho ya siku mbili, na ya kukodi gari la kupanda mlima haikuwemo. Nikaangalia uani. Pikipiki ilikuwa imesimama pale chini ya mwembe, imefunikwa turubai.

Ni Yamaha AG100. Mnaoijua mnaijua: pikipiki ya shamba, yenye keria mbele na nyuma, cheni iliyofungiwa ndani ya kifuniko isiingie tope, na injini ya tu-stroki, zile zinazochoma oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu. Baba alikuwa bwana mifugo wilayani Makete. Pikipiki ililetwa na mradi wa wafadhili nikiwa na miaka sita. Mradi ukaisha, wafadhili wakaondoka, pikipiki ikauzwa kwa mnada na baba akainunua. Alipandia migongo ya milima akichanja ng'ombe. Jioni akirudi aliifungua, kaka yangu akikaa upande wa kulia kupokea spana. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi.

Sikuruhusiwa kushika kitu kingine. Sisemi kwa uchungu, au niseme uchungu wenyewe umepungua. Mtoto wa kike alishika tochi, na akiisogeza akaambiwa, "Mama, mulika hapa, usimulike nyota." Nikiwa darasa la nne mama alihamishiwa kazi Dar es Salaam, tukaja naye Kurasini, baba akabaki na ng'ombe wake.

Alipostaafu mwaka 2009 alitufuata, na pikipiki ikafuata kwenye lori. Nakumbuka wiki ile ya kwanza. Alikuwa hajafungua hata begi la nguo. Alikaa kwenye kigoda uani, jasho linamtiririka, maana joto letu la bandarini lilikuwa linamwonea, akaifungua kabureta. Akatoa kitu kidogo cha shaba chenye tundu, akatia kingine kinachofanana nacho kabisa, kile cha kwanza akakifunga kwenye kitambaa na kukiweka ndani ya kopo la dawa ya viatu ya Kiwi. Kopo likaingia kwenye mfuko wa spana chini ya kiti. Kaka alishika spana. Mimi, mtu mzima wa miaka ishirini na nne mwenye digrii, nilishika tochi.

Chimala nilishusha pikipiki mchana wa jua kali. Nilijaza petroli ya chupa kwa kijana wa barabarani, nikapiga kiki, ikawaka ya tatu. Ilikuwa nzito kidogo kuliko nyumbani, lakini nikadhani ni uzito wa begi. Kutoka pale barabara inaliacha bonde la Usangu na kupanda ukuta wa mlima kwenda Matamba kwa kona 57. Watu wa huko hawana haja ya jina jingine, wanasema tu Hamsini na Saba. Niliamua kuzihesabu, ili niziweke kwenye aya ya kwanza ya habari yangu. Waandishi tuna ujinga wa namna hiyo.

Kona ya kumi hivi uzito ukaongezeka. Navuta resi, injini inajibu kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa usingizini. Ya ishirini ikaanza kukohoa. Gia ya pili haivuti tena, narudi ya kwanza, natembea mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Nyuma moshi ulikuwa mweusi mweusi, siyo ule wa buluu niliouzoea. Bonde lote la Usangu lilikuwa chini yangu, mashamba ya mpunga yanameta kama vipande vya bati, na sikuweza kuyafurahia. Kona ya thelathini na moja ikazima.

Nilipiga kiki mpaka goti likauma. Petroli ikawa inanuka kila mahali. Basi nikafikia uamuzi ambao Mtanzania yeyote angeufikia: mafuta yamechakachuliwa. Sisi wa Kurasini hapo ndipo tunapojiona wataalamu, kwa sababu tu tunalala jirani na matangi na bomba la meli. Nikamlaani yule kijana wa chupa kwa dakika tano nzima, na ninamwomba radhi hapa, popote alipo. Mafuta yake yalikuwa safi.

Nilimpigia kaka, yuko Mwanza. Hapatikani. Nikampigia tena mara tatu. Bodaboda mmoja akapita anashuka na abiria wawili, akaniangalia, akasema, "Dada, pikipiki ya mzee hiyo," akaendelea zake. Ukungu ulikuwa unaanza kuteremka. Nikabaki na namba moja tu ya kupiga, na hiyo ilimaanisha kukiri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona kama uko kwenye upepo?"

Nikamwambia. Siyo kwa mpangilio. Nilianza na petroli, nikarudi kwenye Fuso, nikamalizia na okidi. Upande wa pili kimya. Kisha nikasikia redio inazimwa.

"Uko kona ya ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Una uhakika?"

"Nimehesabu."

"Pana jiwe kubwa upande wa mlima, linadondosha maji?"

Nikageuka. Lilikuwepo. Nilikuwa nimeweka begi juu yake.

"Basi fungua plagi, uniambie ina rangi gani."

Nilikuwa najua spana ya plagi ni ipi. Nilishangaa kwamba najua. Miaka yote ile ya kumulika mikono ya watu wengine, kumbe macho yalikuwa yanaandika. Nikaifungua. Nyeusi, imelowa.

"Nyeusi ya masizi au nyeusi ya oili? Pitisha kidole."

"Masizi."

"Haina ugonjwa huyo mnyama," akasema. "Amevimbiwa."

Hilo ndilo neno lake. Mafundi wa Kurasini wana msamiati wao, sailensi, resi, imenoki, maneno ambayo kamusi zinayapita mbali. Baba anaisema injini kama anavyosema ng'ombe. Kuna injini iliyovimbiwa na kuna injini yenye njaa. Iliyovimbiwa inakula petroli nyingi kuliko hewa iliyonayo. Yenye njaa ni kinyume chake, na ndiyo ya kuogopa, ila hilo nitalifikia.

Nieleze kidogo kile alichonieleza, na ambacho baadaye nilikwenda kukisoma. Kabureta haina akili. Hewa inapita kwenye koo lake jembamba, inakwenda kasi, na kasi hiyo inafyonza petroli kupitia tundu la kile kidude cha shaba, jeti. Ukubwa wa tundu umepangwa kwa hewa ya mahali fulani. Kwa petroli kila gramu moja inahitaji hewa karibu gramu 15 ili iungue yote. Usawa wa bahari, pale Kurasini, hewa ni nzito na hesabu inakaa sawa. Panda mpaka mita 2,600, ulipo uwanda wa Kitulo, na karibu robo ya hewa ile haipo. Silinda inavuta ujazo ule ule lakini ndani yake kuna hewa kidogo. Petroli nayo hupungua, kwa kuwa ufyonzaji umepungua, lakini haipungui kwa kiasi kile kile. Inazidi. Inayobaki bila kuungua inakuwa masizi, masizi yanafunika plagi, cheche inakufa. Ndiyo hewa ile ile nyepesi inayowafanya akina mama wa Makete waanze kupika maharage asubuhi na mapema, maana maji yanachemka kabla hayajawa na moto wa kutosha.

Binadamu akikaa huko juu wiki kadhaa, mwili unatengeneza chembe nyekundu zaidi na anazoea. Injini haizoei. Inasubiri mtu mwenye bisibisi.

"Kopo la Kiwi lipo?" baba akauliza.

Lilikuwepo.

"Funga koki ya mafuta kwanza. Tochi unayo?"

"Ni saa saba mchana, baba."

"Ah. Sawa."

Nikaweka simu kwenye spika, juu ya kiti. Alinipeleka hatua kwa hatua, polepole, kwa sauti ambayo sijui kama amewahi kuitumia kwangu. Legeza kibanio cha mbele na cha nyuma, izungushe kabureta tumbo litazame nje. Skrubu nne za bakuli, usilazimishe, ya chini kulia ina kichwa kibovu, iliharibika mwaka 1998 na aliyeiharibu ni kaka yako. (Hili sikulijua, nalo lilinifurahisha kuliko inavyostahili.) Nilihitaji mahali pa kuweka skrubu zisipotee kwenye majani, nikafungua daftari na kuzipanga juu ya ukurasa. Bakuli likaja na petroli iliyobaki, ikamwagika yote kwenye daftari. Ukurasa ule ulikuwa na mahojiano na bibi mmoja wa sokoni Chimala, aliyenisimulia jinsi vinundu vinavyopimwa kwa ndoo. Wino ukaogelea. Nilipiga kelele.

"Umekatika kidole?"

"Hapana. Maneno yangu yamefutika."

"Yataandikwa mengine. Jeti umeiona?"

Niliiona. Nikaitoa, nikatia ile ndogo ya kwenye kitambaa. Ukizishika mbili kiganjani huoni tofauti yoyote. Inabidi uziinue juu, uchungulie mbingu kupitia matundu, na hata hivyo unaona kwa kuamini zaidi kuliko kwa macho. Kisha akaniambia kibanio cha sindano nikipandishe kijia kimoja ili sindano yenyewe ishuke, na skrubu ya hewa niilegeze robo mzunguko. "Robo, mama. Siyo nusu." Plagi nikaisugua kwa msasa uliokuwemo kwenye kopo lile lile. Alikuwa ameacha kila kitu mle.

Ikawaka kiki ya pili. Nilinyamaza ili asikie. Naye alinyamaza.

"Vuta resi kidogo. Achia. Haya, hiyo sasa ndiyo sauti yake ya huko."

Kabla hajakata akaniambia jambo moja zaidi. "Ukishuka, ukifika Chimala, kabla hujaingia lami, rudisha jeti kubwa. Umesikia? Kupanda hakuui injini, kutakuchelewesha tu. Inakufa wakati wa kushuka."

"Nimesikia."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Sikuwa nimeandika. Daftari lilikuwa limelowa. Simu ilionyesha dakika arobaini na saba. Sikuwahi kuzungumza na baba dakika arobaini na saba mfululizo, hata kwenye msiba wa mama.

Kitulo sitaisimulia sana. Habari ilichapishwa, maneno mia sita, mhariri alikata kona zote. Baridi ya kule inaingia kwenye meno. Maua yalikuwa yametapakaa mpaka macho yanachoka, na pikipiki ilitembea juu ya uwanda ule siku mbili bila kukohoa hata mara moja. Nguvu haikuwa ya Kurasini. Hilo nalo baba alinionya: jeti inarudisha uwiano, hewa yenyewe hairudishi, na robo iliyokosekana imekosekana. Lakini ilikuwa inakwenda. Bibi mmoja njiani alinisalimia "kamwene", akaitazama pikipiki, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipotaja jina la baba akaweka mzigo chini. Alimkumbuka kwa ng'ombe fulani wa mwaka fulani. Nilikaa kwake saa nzima.

Siku ya tatu dereva wa Fuso akapiga simu. Kapakia mapema, yuko Igawa, anaondoka saa kumi, nikichelewa ananiacha. Nikashuka zile Hamsini na Saba kama mtu anayefukuzwa. Nilifika Chimala saa tisa na dakika kumi. Na hapa naomba niwe mkweli: nilikumbuka. Siyo kwamba nilisahau. Nilisimama mwanzo wa lami, nikatazama mfuko wa spana, nikatazama saa, nikajiambia ni kilomita chache tu.

Tena ilikuwa inakwenda vizuri! Hilo ndilo sikuambiwa, au niliambiwa sikuelewa. Kabureta niliyoinyima petroli kwa ajili ya mlima sasa ilikuwa inavuta hewa nzito ya bondeni. Injini yenye njaa inakuwa nyepesi, kali, inajibu kabla hujamaliza kuvuta. Nililala juu ya tangi, resi yote, kwenye joto la saa tisa, nikijiona bingwa. Ndani, bila petroli ya kutosha kupoza mwako, pistoni ilikuwa inachemka na kuvimba. Karibu na Igawa nikasikia mlio mwembamba kama wa bati linaloburuzwa, na tairi la nyuma likakamata. Sikuanguka. Nilivuta klachi, nikateleza mpaka kwenye majani, nikakaa pale. Imenoki.

Plagi niliifungua mwenyewe, bila kupiga simu. Nyeupe kama jivu.

Fuso lilinisubiri. Dereva na utingo wake waliisukuma pikipiki juu ya magunia bila kuniuliza chochote, ustaarabu ambao sikuutegemea.

Baba alikuwa amekaa getini tulipofika, mguu wake wenye kidonda ameunyoosha juu ya ndoo. Pikipiki ikashushwa. Akajaribu kukanyaga kiki kwa mkono, ikagoma.

"Na yule fundi wa Mivinjeni," akasema, "waya wa klachi alishaubadilisha?"

Sikujibu.

"Plagi ilikuwa na rangi gani?"

"Nyeupe."

Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeletewa majibu anayoyajua. Hakugomba. Ningependa angegomba. Jioni ile akaagiza kigoda na mfuko wa spana, akaniambia nifungue kichwa cha injini. Umeme ulikatika nikiwa kwenye nati ya tatu, nikawasha tochi ya simu kwa mazoea na kuishika kama ninavyojua kuishika. Mzee akanyoosha mkono akainyakua. "Sasa spana utaishika na nini?"

Ukuta wa silinda ulikuwa na michubuko mirefu minne, upande wa ekzosi. Alipitisha ukucha juu ya kila mmoja.

Mwaka jana kijana mmoja wa Kigamboni, anayekodisha pikipiki za magurudumu manne ufukweni, alitaka kupeleka mbili Lushoto kwa wageni, akaniuliza, kwa kuwa sifa zangu zimeenea. Nilimuuliza kwanza kama ni za kabureta au za mfumo wa kompyuta; za kompyuta zina kihisio kinachopima mgandamizo wa hewa na kupunguza mafuta zenyewe. Ni za kabureta. Nikamwambia habari ya jeti. Akasema, sawa, atabadilisha kabla ya kupanda. Nikamuuliza, na kushuka? Akanitazama.

Bloku tuliichonga Gerezani, ikatiwa pistoni ya oversaizi. Pistoni yenyewe ilichukua wiki tano kupatikana. Nilifunga mimi, kaka alikuja Pasaka akakuta tayari, akakagua skrubu ya chini kulia na hakusema kitu. Ilipowaka baba aliisikiliza dakika nzima, kichwa kimeinama upande. Akasema sailensi iko juu kidogo, nipunguze. Nikapunguza.